Danga si mziwaziwa: kuujua mmea wenye mnofu unaoliwa kabla ya kuutia sahanini

Kuna mmea mdogo unaotambaa chini, wenye majani mafupi manene na shina jekundu, ambao picha zake husambazwa kwenye simu kwa maneno yanayopingana. Ujumbe mmoja unasema ni mboga inayoshinda samaki kwa mafuta mazuri. Mwingine unaonya kwamba unaua figo. Wa tatu unauita gugu tu, la kung'olewa na kutupwa. Kibaya zaidi, mara nyingine picha iliyoambatanishwa si ya mmea huo kabisa, bali ya mwingine unaofanana nao, wenye utomvu unaowasha ngozi na kuumiza macho. Mabishano mengi juu ya faida na madhara yangeisha mapema kama watu wangekubaliana kwanza ni mmea upi unaozungumzwa.

Unaozungumzwa hapa ni danga, ambao wengine huuita tako la hasani. Wataalamu wa mimea huuandika Portulaca oleracea. Neno hilo la pili, oleracea, ni la Kilatini na maana yake ni "wa mboga", kwa hiyo sifa ya kuliwa imo ndani ya jina lenyewe.

Maneno mawili yanahitaji kunyooshwa kabla hatujaendelea. La kwanza ni "mmea wenye mnofu". Huu ni mmea unaoweka akiba ya maji ndani ya majani, shina au mizizi yake, kiasi kwamba ukiuminya unahisi umejaa kama kiriba. Mpungate ni mmea wa aina hiyo, lakini si kila mmea wenye mnofu ni mpungate. Danga na mpungate ni ndugu wa ukoo wa mbali, na danga haina miiba. La pili ni "gugu". Gugu si aina ya mmea. Ni mmea wowote ulioota mahali ambapo mwenye shamba hakuutaka. Mmea mmoja unaweza kuwa gugu kwenye tuta la vitunguu na mboga kwenye tuta la pili, bila chochote ndani yake kubadilika.

Sasa uangalie mmea wenyewe. Danga huanzia kwenye mzizi mkuu mmoja unaoshuka chini, na kutoka hapo matawi husambaa pande zote kama mikono ya saa, yakilala juu ya udongo. Tawi moja hufika sentimita 30 hadi 40 au zaidi kidogo. Shina ni la mviringo, laini, linang'aa, halina nywele, na rangi yake huenda kutoka kijani hadi nyekundu iliyoiva kadiri jua linavyolipiga. Wekundu huo huwatia watu hofu bure. Unatokana na kundi lile lile la rangi linalofanya kiazisukari cha saladi kuwa chekundu, na si dalili ya sumu.

Majani yana umbo la kijiko kidogo: membamba pale yanaposhikana na shina, mapana na ya duara kwenye ncha. Urefu wake kwa kawaida ni sentimita moja hadi tatu. Kwenye ncha za matawi hujikusanya kwa kubanana, na katikati ya kishada hicho ndipo ua linapokaa. Ua ni la njano, dogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, lenye petali tano mara nyingi, na kila petali ina mkato kidogo juu. Hufunguka kukiwa na jua, hasa asubuhi, kwa saa chache tu. Ndiyo maana wengi huamini danga haitoi maua: wanapita mchana likiwa limeshafumba. Likishanyauka hubaki kikombe kidogo chenye kifuniko. Kikikomaa, kifuniko huachia chenyewe kama cha chungu, na ndani mna mbegu nyeusi ndogo kuliko punje ya mchanga mkubwa.

Mmea unaochanganywa nayo mara nyingi ni ule wa jamii ya mziwaziwa, hasa aina zinazotambaa chini, zikiwemo Euphorbia prostrata na Euphorbia maculata. Huota mahali pale pale, kwenye nyufa zile zile, mara nyingine matawi yakiwa yameingiliana kabisa. Ukiangalia ukiwa umesimama, yote miwili ni duara la kijani lenye shina jekundu. Inama.

Vunja shina. Danga hutoa majimaji yasiyo na rangi, kama ya tango. Mziwaziwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, papo hapo. Ukiona weupe, uache, nawa mikono kwa sabuni na usijiguse macho. Kosa ambalo watu hufanya ni kujaribu tawi moja kisha kuchuma fungu zima. Kwa kuwa mimea hii huingiliana, vunja kila tawi unalochukua. Kosa jingine ni kulitegemea jaribio hili peke yake: mziwaziwa uliokaushwa sana na jua huweza kutoa utomvu kidogo usioonekana vizuri. Kwa hiyo ongeza dalili nyingine tatu. Shina la mziwaziwa ni jembamba kama uzi mnene, la danga ni nene na lina maji. Shina la mziwaziwa mara nyingi lina vinywele, la danga ni laini. Majani ya mziwaziwa ni membamba kama karatasi, yamepangwa mawili mawili yakitazamana kando ya tawi lote, na aina nyingine huwa na baka la zambarau katikati, ilhali ya danga ukiyakunja kwa kidole yanakatika kwa mlio. Dalili zote zikikubaliana, ni danga. Moja ikikataa, tupa.

Kuna wengine wanaofanana nayo kwa karibu zaidi, kwa sababu nao wana mnofu. Trianthema portulacastrum ni mnene na hutambaa kama danga, lakini maua yake ni ya waridi au meupe, na kwenye kila jozi ya majani moja ni kubwa kuliko jingine. Sesuvium portulacastrum huota pwani kwenye mchanga wa chumvi, maua yake ni ya waridi, na majani yake marefu huliwa ingawa yana chumvi kali. Portulaca grandiflora ni ndugu wa danga aliyezoeleka kwenye vyungu vya maua: ana majani ya duara kama sindano nene na maua makubwa ya rangi nyingi, na kwenye vifundo vyake, yaani pale jani linapoota kwenye shina, kuna nywele nyeupe. Huyo ni wa kupamba. Asiingizwe jikoni kwa sababu tu jina lake la kwanza ni lile lile.

Danga hupenda jua la moja kwa moja na udongo uliovurugwa. Utaikuta kwenye matuta mapya, kando ya njia, kwenye vitalu, katikati ya vigae vya ua, penye mchanga, penye kokoto. Msituni kwenye kivuli kizito huioni. Imeenea kwenye maeneo ya joto na ya vuguvugu karibu dunia nzima, na baridi ya kugandisha huiua. Watu wameijua kwa muda mrefu sana: Theophrastus, mwanazuoni wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliitaja miongoni mwa mboga za kupandwa. Kwa muda ilidhaniwa kwamba Ulaya ndiyo iliyoipeleka Amerika, hadi mbegu na chavua zake zilipopatikana kwenye matope ya chini ya ziwa Crawford, Ontario, Kanada, katika tabaka la miaka ya kabla Columbus hajavuka bahari.

Ukaidi wake shambani una sababu tatu, na zote zinaeleweka ukishajua kwamba mmea huu hutembea na maji yake. Ya kwanza: ukiung'oa na kuuacha juu ya udongo, haufi siku hiyo. Hutumia akiba ya maji iliyomo kwenye mnofu, na kama ulikuwa na maua, huendelea kukomaza mbegu ukiwa umelala pale pale ulipotupwa. Ya pili: kipande cha shina chenye kifundo kikigusa udongo wenye unyevu huota mizizi. Anayeipiga danga kwa jembe hadi kuikatakata anaweza kuwa anapanda vipande ishirini mahali palipokuwa na shina moja. Ya tatu ni mbegu. Mmea mmoja mkubwa huweza kutoa mbegu zaidi ya laki mbili, na mbegu hizo ni mvumilivu ajabu. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William James Beal, kule Michigan, Marekani, alizika chupa zenye mbegu za mimea mbalimbali ili zichimbuliwe kwa zamu baada ya miaka mingi. Mbegu za danga zilikuwa miongoni mwa zilizoota hata baada ya miaka 40.

Mbegu hizo huhitaji mwanga na joto ili ziamke. Zikifukiwa kina kirefu hulala. Kila jembe linapopindua udongo huzileta juu, na ndiyo maana shamba lililopaliliwa juzi leo linaonekana limemwagiwa danga.

Tukifika kwenye ladha, tunafika kwenye jambo ambalo mimi naliona ndilo la kustaajabisha kuliko yote katika mmea huu. Danga ina uchachu mwepesi, kama wa limau lililochanganywa na maji. Lakini uchachu huo haufanani siku nzima. Danga iliyopata kiu, ikichumwa alfajiri, ni chachu waziwazi. Tawi la mmea ule ule likichumwa alasiri limepoa.

Sababu ni hii. Mmea hutengeneza chakula chake kwa kutumia mwanga, maji na hewa ukaa, kazi iitwayo usanisinuru. Hewa ukaa huingia kupitia vitundu vidogo vya kwenye majani. Tatizo ni kwamba kitundu kikifunguliwa mchana wa jua kali ili hewa iingie, maji nayo hutoka. Fikiria nyumba ambayo maji ya bomba hutoka usiku tu. Mwenye nyumba mwenye busara huamka usiku, hujaza ndoo, hufunga, na mchana hutumia yaliyomo ndani. Danga ikikosa maji hufanya hivyo kwa hewa: hufungua vitundu usiku kukiwa na ubaridi, hupokea hewa ukaa na kuihifadhi ndani ya majani katika umbo la asidi, ile inayofanya tofaa bichi liwe chachu. Kukicha hufunga vitundu na kuitumia akiba ile polepole. Alfajiri ndoo imejaa, alasiri imekwisha. Ulimi wako unapima ndoo hiyo.

Mpungate na nanasi hutumia njia hii pia. Ila danga ina njia ya pili, ile ya mahindi na miwa, ambayo hukuza mmea haraka sana kwenye joto na mwanga mwingi. Maji yakiwepo, hukimbia kama mahindi. Yakikosekana, hubana kama mpungate. Ni mimea michache mno iliyo na njia zote mbili, na mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba katika danga njia hizo zinafanyika ndani ya seli zile zile, zikiwa zimeunganishwa. Kwa matumizi ya jikoni, maana yake ni nyepesi: ukitaka uchachu, chuma mapema asubuhi, ukitaka upole, chuma alasiri, au mwagilia vizuri kwa siku kadhaa kabla ya kuchuma.

Sasa madai ya lishe. Zaidi ya asilimia 90 ya danga mbichi ni maji. Katika kilichobaki kuna vitamini C, betakarotini, potasiamu, magnesiamu, na kitu kisicho cha kawaida kwa mboga ya majani: mafuta ya omega-3 kwa kiasi cha kuonekana. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1992 vilikuta gramu 100 za majani mabichi zina miligramu 300 hadi 400 za mafuta hayo. Mwanamke mzima anashauriwa kupata miligramu 1,100 kwa siku, mwanamume 1,600. Kwa hiyo gramu 100, ambazo ni bakuli la kushiba macho, zinatoa takriban robo ya mahitaji, pengine na zaidi kidogo kwa mwanamke. Ni nyingi kwa jani. Lakini si samaki. Omega-3 ya mimea ni ya aina nyingine, na mwili hulazimika kuibadilisha iwe kama ile ya samaki, kazi ambayo huifanya kwa kiasi kidogo tu. Anayesema danga inachukua nafasi ya samaki amelinganisha majina, hakulinganisha vitu.

Na lile la figo? Hapa wanaoonya wana hoja, ila wameikuza. Danga ina oksaleti nyingi, kemikali ya asili iliyomo kwenye mboga kadhaa za majani: ni zaidi ya gramu moja katika gramu 100 za majani mabichi, kiwango cha kukaribiana na spinachi au kuipita. Oksaleti hushikana na kalisi. Zikikutana ndani ya utumbo, hushikana huko na kutoka na choo bila madhara. Zikikutana kwenye figo, hutengeneza chembe ngumu, na chembe hizo zikijikusanya huwa mawe. Mtu mwenye figo nzima anayekula danga kama mboga miongoni mwa mboga hana sababu ya kuogopa. Aliyewahi kupata mawe ya figo, au ambaye figo zake zimeshapungua nguvu, aiache mpaka daktari wake aseme.

Kwa wengine wote, mambo mawili hupunguza mzigo huo. Kuichemsha kwenye maji mengi kwa dakika mbili au tatu na kuyamwaga maji hayo huondoa sehemu ya oksaleti inayoyeyuka, ingawa na vitamini C nayo hupungua. Kuila pamoja na mtindi au maziwa huleta kalisi utumboni, na oksaleti hushikwa kabla haijaingia kwenye damu. Mbaya kuliko zote ni ile desturi ya kusaga mafungu mazima mabichi kuwa juisi na kunywa glasi kubwa kila siku kwa jina la dawa. Hapo mtu humeza kwa pumzi tano kiasi ambacho asingeweza kukitafuna kwa mlo mzima. Mifugo pia ihurumiwe: kondoo na mbuzi wenye njaa wakiachiwa kwenye uwanja uliojaa danga tupu wanaweza kudhurika kwa oksaleti hiyo hiyo.

Kuhusu kutibu kisukari na shinikizo la damu, danga imetumika kwenye tiba za asili za mataifa mengi, na watafiti wanaichunguza. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomruhusu mgonjwa kuacha vidonge vyake.

Mahali pa kuchuma ni muhimu kama mmea wenyewe. Danga hunyonya chumvi na metali nzito kutoka ardhini kwa bidii, hata watafiti huijaribu katika kusafisha udongo ulioharibiwa na chumvi. Sifa hiyo ni nzuri kwa udongo na mbaya kwa mlaji. Usichume kando ya barabara yenye magari mengi, karibu na gereji, dampo au mfereji wa maji machafu, wala mahali palipopuliziwa dawa ya magugu. Danga iliyopuliziwa huweza kuonekana nzima kwa siku kadhaa kabla ya kunyauka, tena kwa sababu ya maji yake.

Chuma ncha za matawi, sentimita tano hadi saba, kabla maua hayajawa mengi. Shina la chini lililokomaa huwa na nyuzi. Loweka kwenye beseni la maji kwa dakika tano, koroga kwa mkono, kisha inua danga kutoka ndani ya maji, usimwage beseni juu yake. Utaona mchanga na mbegu nyeusi zimebaki chini. Rudia hadi maji yabaki safi. Maji hayo usiyamwage bustanini kama huitaki danga huko.

Mbichi, huliwa kama kachumbari pamoja na kitunguu, nyanya na mafuta kidogo. Chumvi itiwe mwishoni kabisa, maana ikikaa nayo robo saa huvuta maji yote na kukuachia supu. Ya kupikwa iingie kwenye sufuria mwishoni, dakika mbili au tatu zinatosha. Malalamiko kwamba "inateleza kama mlenda" hutokana na kupika mno: majani yana ute, na moto mrefu huutoa wote. Anayetaka mchuzi mzito anaweza kuutumia ute huo kwa makusudi, akikata majani madogo madogo na kuyaacha yachemke dakika kumi. Mashina manene hufaa kwa achari: mashina ya kujaza chupa ya nusu lita, mililita 200 za siki yenye asidi ya asilimia 5, mililita 100 za maji, kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Chemsha siki, maji na chumvi, mimina juu ya mashina hadi yafunikwe, acha ipoe, weka kwenye friji na uanze kula baada ya siku tatu. Achari hii si ya kuhifadhi kabatini.

Anayetaka kuipanda atawanye mbegu juu ya udongo uliolainishwa na kumwagiliwa, azikandamize kwa kiganja bila kuzifukia. Kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30 huchomoza ndani ya siku chache. Au achomeke vipande vya shina vya sentimita kumi, vifundo viwili vikiwa chini ya udongo. Baada ya wiki nne hadi sita ukataji huanza, ukiacha kisiki cha sentimita tano chenye vifundo viwili angalau ili kichipue tena.

Asiyeitaka aing'oe ikiwa bado haijatoa ua, udongo ukiwa na unyevu ili mzizi mkuu utoke mzima. Asiiache chini hata saa moja, asiikatekate, wala asiitupe kwenye mboji baridi, ile isiyopata joto la kuua mbegu. Aitie kwenye mfuko, aufunge na auache juani hadi mimea ioze kabisa. Tuta lililobaki lifunikwe kwa matandazo ya sentimita saba au nane: mbegu zilizo chini yake hazitaona mwanga, na nyingi zitaendelea kulala.